Tarumbeta la Nyumba ya Eliasi

Siku Mzee Eliasi alipozikwa, tarumbeta lake lilitoa sauti ya ndama aliyebanwa na mlango, na aliyelipuliza alikuwa mwanawe mwenyewe, Naftali. Ilikuwa Novemba ya mwaka 1947. Mvua za vuli zilikuwa zimeulainisha udongo wa Meru hata wachimba kaburi wakawa wanateleza. Usharika mzima ulikuwa umesimama kati ya migomba, watu wapatao mia tatu, na wote walikuwa wakiutazama mdomo wa Naftali. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tupu. Mara ya pili ndipo ndama yule akalia. Watoto wawili watatu walicheka, wakafinywa na mama zao. Mzee Melkizedeki, aliyekuwa akipiga tarumbeta la pili kando ya marehemu tangu enzi za Wajerumani, aliinua lake akaumaliza wimbo peke yake.

Yafaa ijulikane jambo hilo liliipata nyumba ya namna gani. Mzee Eliasi alikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza upande ule wa mlima kubatizwa na kujua kusoma, na mmisionari Mjerumani alimteua yeye, kati ya vijana kumi na wawili, kushika tarumbeta la kwanza, lile linaloongoza wimbo. Vita vya kwanza vilipokuja, askari walipita wakichukua kila kitu cha shaba. Eliasi alilifunga tarumbeta kwa ngozi ya mbuzi, akalifukia mahali ng'ombe wake walipolala, likakaa huko karibu miaka miwili, akalifukua likiwa zima. Tangu hapo, ingawa kwa haki lilikuwa mali ya usharika, hakuna aliyefikiri kwamba linaweza kutundikwa penginepo isipokuwa ukutani kwake. Nyumba hiyo ilipakwa chokaa kila mwaka kabla ya Krismasi. Mgeni alipewa chai ya maziwa katika kikombe chenye kisahani. Watoto wote walisoma, wa kike pia, na hakuna aliyewahi kumkuta mtu wa nyumba ile amelala njiani kwa pombe ya ndizi.

Kwa hiyo maneno yalipoanza, yalianza kwa nguvu. Ilisemwa mtoni na gulioni kwamba mzee amekufa na kinyongo, kwamba amelizuia tarumbeta lake. Wapo waliosema alimlaani Naftali kitandani. Hilo si kweli. Hakuna laana iliyotamkwa katika nyumba ile, si kwa Kimeru wala kwa Kiswahili. Kilichokuwepo kilikuwa kitu kingine, na kwa muda mrefu Naftali peke yake ndiye aliyekijua.

Kilikuwa magoti.

Mzee Eliasi alianza kumfundisha mwaka 1941, Naftali akiwa na miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo hakuruhusu mtu alishike tarumbeta hata kwa kulifuta vumbi. Kila jioni, kahawa ikishapaliliwa na ng'ombe wakishakatiwa majani, mzee aliketi juu ya kigoda mbele ya mwanawe, karibu mno hata magoti yao yakagusana, akamtazama mdomo. Hakutazama vidole wala kitabu cha nyimbo. Alitazama midomo tu, bila kupepesa, kama mtu anayengoja maji yachemke. Shavu likivimba aligusa kwa kidole akasema, "Shavu." Midomo ikilegea, "Mdomo." Hakuongeza neno. Wala yeye mwenyewe hakupuliza ili mwana asikie. Aliuguna wimbo kooni, vidole vyake vikibonyeza hewani. Naftali aliuhesabu huo kuwa ukali wa watu wa zamani. Miaka sita alivumilia macho yale na mifupa ile ya magoti.

Alijifunza, hilo halina ubishi. Lakini alijifunza na jambo la pili bila kujua. Kila alipopuliza, nusu yake ilikuwa ikipuliza na nusu nyingine ilikuwa imeketi kwenye kigoda, ikijitazama. Kanisani alipewa tarumbeta jingine la usharika, akasimamishwa mstari wa nyuma, nyuma ya migongo ya watu wazima, na huko alipiga bila kosa kwa kuwa hakuna aliyemwona. Hata shambani ilikuwa hivyo. Mikono yake ilikuwa mizuri. Kahawa aliyoipogoa ilizaa kuliko ya jirani yeyote. Lakini bwana shamba alipokuja siku moja na wakulima wengine ili waone anavyopogoa, Naftali alikata tawi lenye maua, akakata na la pili, huku akiuona mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Baada ya mazishi alijificha bondeni, chini kabisa ya shamba, akapuliza peke yake. Na huko tarumbeta liliimba. Sauti ilipanda juu ya miti ya migrevilia ikaupiga mlima na kurudi. Jioni moja wanawake waliokuwa wakitoka mtoni walisimama njiani na ndoo zao kichwani. Mmoja wao, Penina, jirani wa karibu, alisema kwa sauti ya chini, "Huyu ni Eliasi mtupu."

Naftali alisikia, akageuka. Aliyaona macho yao. Alikuwa amesimama, tena peke yake kwenye nyasi, lakini aliyahisi magoti ya baba yake yakigusa yake, mfupa kwa mfupa. Jicho likatua juu ya mdomo wake. Mdomo ukafa papo hapo, ukawa kama wa mtu aliyeng'olewa jino.

"Endelea basi, baba," Penina alisema. "Tulikuwa tunapumzika shingo."

"Nimemaliza," alijibu, naye hakuwa amemaliza.

Wazee wa kanisa walikuja mwezi wa Januari, watatu, na kofia zao mkononi. Walisema kwa adabu, kwa kuzunguka, kama inavyopasa. Pasaka ilikuwa inakaribia. Na Pasaka katika usharika ule huanzia makaburini: kabla ya jua watu wanaamka, wapiga tarumbeta wanatangulia, na wimbo wa ufufuo unapigwa juu ya wafu kabla haujapigwa mahali pengine popote. Makaburi ni mahali patatu, na tarumbeta la kwanza ndilo linaloanza kote. Wazee walisema watampa Naftali nafasi mpaka siku hiyo. Likishindwa, itabidi lihamie kwa Melkizedeki, maana kijana wake Bariki anapiga vizuri. Mama Hanna, mjane wa Eliasi, aliwaongezea chai, akawasindikiza mpaka kwenye uzio wa mimea ya masale, akarudi akaosha vikombe. Kisha alichukua kitambaa akalifuta tarumbeta pale lilipotundikwa.

Alijiambia kwamba labda tarumbeta lenyewe ni bovu. Hilo lingekuwa jambo la heshima. Chombo kilichokaa chini ya ng'ombe miaka miwili kina haki ya kutoboka. Alilifunga katika gunia, akateremka hadi barabarani, akapata lori lililotoka kupeleka kuni kwenye kambi ya wakimbizi Wapolandi huko Tengeru, akafika Arusha mjini. Huko Ngarenaro palikuwa na karakana ya fundi wa kulehemu, Singasinga aitwaye Tarlochan, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizofungwa vizuri kwa uzi. Ndani walikuwepo wateja wawili. Mmoja wao alikuwa Mwarusha, jina lake Simel, amekalia ndoo yake iliyotoboka.

Tarlochan aliligeuza tarumbeta, akalinusa, akalizamisha katika karai la maji.

"Ziba huku. Puliza."

Naftali alipuliza. Maji yalitulia, hayakutoa povu hata moja.

"Zima kabisa," Tarlochan alisema. "Nani amekuambia linavuja?"

"Halitoi sauti, bwana fundi."

"Haya, piga nisikie."

Naftali aliliinua. Fundi akamtazama mdomo, kama fundi yeyote angetazama. Ikatoka pumzi.

"Labda lina njaa," alisema Simel. "Limenyweshwa maji tu, halijapewa chakula."

"Wewe Simel, ndoo yako ina matundu kumi na moja na mdomo wako ni la kumi na mbili. Leta hapa." Tarlochan aliichukua ndoo, akawapa kisogo, akainamia benchi lake. Chuma cha moto kilianza kufuka moshi. Kitambo kikapita. Kisha akasema bila kugeuka, "Piga sasa."

Simel naye alikuwa amegeuka kuitazama ndoo yake. Naftali alipiga. Ubeti mzima ulitoka, safi, ukajaa chini ya bati mpaka misumari kwenye makopo ikatikisika, na nje watu wakasimama barabarani. Tarlochan akageuza kichwa kutazama. Sauti ikakatika palepale.

Hakuna aliyecheka safari hii. Tarlochan aliweka chuma chake chini.

"Unaona benchi langu? Linatazama ukuta. Mafundi wote mtaa huu benchi zao zinatazama mlango, wamwone mteja. Mimi siwezi. Baba yangu alinifundisha kazi hii kwetu Punjab, anasimama hapa." Aligusa bega lake la kushoto. "Ana rula. Mkono ukitetemeka, rula. Mpaka leo mtu akisimama hapa, naacha kuangalia risasi ya kulehemu inakwenda wapi, naangalia mkono wangu. Na mkono ukiangaliwa hivyo, bwana, unasahau kazi."

"Baba yako yuko wapi?"

"Alikufa kabla sijapanda meli." Aligusa bega tena. "Lakini yupo."

"Sasa ulifanyaje aondoke?"

"Nani amekuambia ameondoka? Nimempa ukuta autazame." Alilifuta tarumbeta kwa kitambaa cha mafuta, akamrudishia. "Wewe utapiga wapi? Kuna ukuta?"

"Makaburini," Naftali alisema. "Hakuna ukuta."

Simel alitikisa kichwa. "Mimi hapo ningeuza tarumbeta ninunue ng'ombe."

Kwaresima yote walifanya mazoezi nyuma ya kanisa, jioni za Jumatano. Naftali alijaribu kujitafutia ukuta. Alitazama ncha ya bati la kanisa, akatazama kilele cha Meru pale mawingu yalipoachana. Ilimsaidia mistari miwili. Baadaye alianza kujiona anavyoutazama mlima, jinsi shingo ilivyokaza, jinsi shavu la kushoto lilivyotaka kuvimba, yaani aliona kila kitu ambacho mtu wa kwenye kigoda angekiona. Magoti yakaja. Sauti ikapasuka.

"Ukimaliza kumnyonyesha ndama utuambie," Bariki alisema, na wenzake wakainama kufunga viatu ambavyo havikuwa vimefunguka.

Mzee Melkizedeki hakucheka wala hakumkemea mwanawe. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyeongea sana. Alimtazama tu Naftali, kisha akatazama chini, na Naftali akaona ni afadhali kejeli ya Bariki.

Nyumbani alikuwa ameacha kuketi. Alikula amesimama. Mama yake alidhani ni haraka ya kazi. Ukweli ni kwamba kila alipoketi, kabla hajaweka vizuri uzito wake, aliyahisi magoti yakisogea mbele yake na kutulia. Alikihamisha kigoda cha mzee akakiweka ghalani, haikusaidia. Hata alipofumba macho kwa sala ya chakula alijua anatazamwa midomo inapotamka amina.

Jumamosi kuu, mchana, Mzee Melkizedeki alikuja. Alikuwa amevaa koti. Naftali alimwamkia shikamoo, akampokea fimbo. Mama Hanna alimwekea chai. Mgeni aliinywa yote kwanza, akageuza kikombe kwenye kisahani chake.

"Nimekuja kwa ajili ya kesho," alisema. "Mwanangu, weka mdomoni tu. Bonyeza vidole kama kawaida. Vuta pumzi watu waone kifua kikipanda. Mimi nitakuwa kando yako, nitapiga sauti ya kwanza."

Naftali hakuelewa mara moja. "Watu watajua, baba."

"Miaka sita hawakujua."

Mama Hanna alikuwa amenyanyua birika. Alilirudisha mezani polepole. "Melki," alisema, na hakuna mwingine usharikani aliyekuwa akimwita hivyo. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana na Eliasi akiwa hai, dada yangu. Leo ni mtoto wake ndiye anayezama."

Ndipo walipolisema, wawili wao wakipokezana, kama watu wanaotua mzigo mmoja. Meno ya mbele ya Eliasi yalianza kulegea mwaka uleule wamisionari Wajerumani walipokamatwa mara ya pili, katika vita vya pili, na kupelekwa kizuizini. Kufikia Pasaka ya mwaka 1941 hakuwa na kitu cha kuegemezea mdomo wa tarumbeta. Alikwenda kwa Melkizedeki kwa miguu, mvua inanyesha, akamwambia mlangoni, hakutaka hata kuingia. Tangu siku ile mpaka alipokufa, sauti iliyosikika makaburini na kanisani ilikuwa ya Melkizedeki. Eliasi alisimama mbele, akalishika, akabonyeza, akavimbisha kifua. Sauti ya pili iliachwa; ilikufa miaka sita, na watu waliiona tofauti wakadhani ni masikio yao yanazeeka. Jambo hili halikuwahi kutoka nje ya kuta zile. Laandikwa sasa kwa sababu wenyewe wote wamelala, na kwa sababu mtu aliyetunza aibu ya mwenzake kwa miaka sita bila kuomba hata asante anastahili jina lake litajwe.

"Lakini alikuwa akinifundisha," Naftali alisema. "Kila siku. Alikuwa akitafuta makosa."

Mama Hanna alimtazama. "Alikufundisha, ndiyo. Makosa yako hayakuwa mengi hivyo. Aliniambia siku moja, tumekaa hapo jikoni. Aliniambia, 'Hanna, mdomo wangu umesahau. Lakini nikiutazama wa mtoto, wangu unakumbuka.'" Aliligusa birika. "Alikuwa akipiga kwa mdomo wako, mwanangu. Ndiyo sababu alisogea karibu vile."

Naftali aliinuka, akatoka, akasimama kwenye kahawa. Angetarajia mzigo upungue, kwa kuwa sasa alijua kwamba jicho lile halikuwa la hakimu. Haukupungua. Hakimu huchoka akaenda nyumbani kwake. Mtu mwenye njaa, aliyeketi mbele ya sahani yako miaka sita bila kuomba, huyo utamwambiaje aondoke? Aligusa midomo yake kwa vidole, na kwa mara ya kwanza haikuonekana kuwa yake kabisa.

Mama yake alimfuata. "Kubali," alisema. "Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya ukuta ule lilipotundikwa. Ukishindwa kesho mbele ya watu wote, watasema nyumba hii ilikuwa maneno tu. Watarudi nyuma waichimbue miaka yote ya baba yako, wa kwanza mpaka wa mwisho. Baba yako hatalala."

"Hata sasa hajalala, mama," Naftali alisema.

Mama Hanna aligeuka. Alikunja khanga yake begani, akarudi ndani.

Kengele ililia saa kumi na moja kasoro, giza bado zito. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza na njia ilikuwa utelezi. Watu walitoka kwenye migomba na fanusi, wakiamkiana kwa sauti ndogo, wakajiunga nyuma ya wapiga tarumbeta. Melkizedeki alitembea kando ya Naftali. Hakuuliza amekata shauri gani. Alisema tu, "Pale kwenye jiwe usiteleze."

Makaburi ya kwanza yalikuwa yale ya karibu na kanisa la zamani. Naftali alikuwa ameyaona Pasaka nyingi, lakini kila mwaka alikuwa nyuma ya migongo, hakuwahi kuona kilichokuwa kikifanyika mbele. Sasa aliona. Watu walipofika walitawanyika. Kila mmoja alikwenda kwenye kaburi lake, akasimama akilitazama, na fanusi chini. Penina alikuwa amechuchumaa kwenye kaburi dogo la mtoto, aking'oa magugu. Wazee watatu wa kanisa, walewale wa Januari, kila mmoja alikuwa ameinama mahali pake. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Alikuwa amewaogopa watu hawa miezi mitano, na wao walikuwa wamempa visogo.

Mchungaji aliinua mkono. Naftali akapuliza.

Mstari wa kwanza ulitoka. Ulitoka kama ulivyotoka bondeni, ukapita juu ya masale yaliyooteshwa kwenye makaburi, ukaenda. Mstari wa pili ukaufuata. Kando yake Melkizedeki alikuwa ameliinua lake na kulishusha tena, kwa mshangao. Ndipo Naftali alipoona kwamba uso mmoja, kati ya visogo vyote vile, ulikuwa umegeukia kwake. Mama yake alisimama kwenye kaburi jipya, fanusi ikimmulika kutoka chini. Alikuwa akimtazama mdomo. Na midomo yake mwenyewe, mama wa watu ambaye hakuwahi kushika tarumbeta maishani, ilikuwa imebana na kujikaza, imeshika umbo la mtu anayepuliza.

Magoti yakaja. Hayakuja taratibu kama siku zote. Yalikuja mara moja, yakagusa, yakakaza. Mstari wa tatu ukapasuka katikati.

Alisikia pumzi ya Melkizedeki ikivutwa. Mzee alikuwa tayari. Tarumbeta lake lilikuwa mdomoni, na lingeingia pale pale bila mtu kujua palipovunjika na palipoungwa. Palikuwa na nafasi ya kufumba na kufumbua. Kilichotakiwa ni Naftali kuendelea kubonyeza.

Alilishusha tarumbeta. Akaweka mkono juu ya la Melkizedeki.

"Acha, baba," alisema.

Makaburi yote yakawa kimya. Na katika kimya kile watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, wakiacha wafu wao, mpaka nyuso zote mia tatu zikawa zimemwelekea na fanusi zimewamulika kidevuni. Bariki alifungua mdomo akaufunga. Naftali alisimama akawaacha wamtazame. Magoti hayakuondoka. Aliyahisi kama unavyohisi meza uliyoiegemea. Basi tazama, alisema moyoni. Kama ndicho ulichobakiwa nacho, tazama.

Alianza upya, tangu mwanzo, jambo lisilofanywa katika ibada. Mstari wa kwanza ulikuwa mbaya kuliko ule wa awali, wenye mikwaruzo. Wa pili ulitulia. Wa tatu ulipasuka mahali palepale. Alisikia shavu, alisikia mdomo, maneno yote mawili kwa sauti ya baba yake, akaendelea kupuliza ndani ya ufa ule mpaka sauti ikatokea upande wa pili, nyembamba kama unywele, lakini ipo. Hapo mtu kando yake akaingia. Hakuwa juu yake, wala hakumfunika. Melkizedeki alikuwa akipiga sauti ya pili, ile iliyokuwa imekufa tangu mwaka 1941, akiitafuta kwa kusitasita kama mtu anayerudi katika nyumba aliyohama. Mzee mmoja wa kanisa alivua kofia ambayo alikuwa amesahau kuivua. Wengine waliinuliwa na tarumbeta la tatu la Bariki, wakaimba.

Wimbo ulikwisha. Melkizedeki alitikisa mate kutoka kwenye tarumbeta lake.

"Umeuharibu mstari wa tatu," alisema.

"Najua."

"Mara mbili."

"Najua, baba."

"Wa Eliasi niliuficha. Huo wako utaubeba mwenyewe." Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Twende. Makaburi ya juu bado, na ya mtoni bado. Jua halitungoji."

Wazee watatu walikuwa wamesogea. Mmoja wao alinyoosha mkono kuelekea tarumbeta, na Mama Hanna, aliyekuwa nyuma yao, akasimama wima kabisa. Mkono ule ulikaa hewani kidogo, kisha ukapinda, ukamwonyesha Naftali njia ipandayo mlimani.

Alitangulia. Watu walianza kuzima fanusi, maana upande wa Kilimanjaro mawingu yalikuwa yakifanya wekundu. Aliyahisi macho yao kisogoni, yote, hatua kwa hatua. Midomo yake ilikuwa imevimba na ina ladha ya shaba. Na mbele yake njiani, mahali ambapo hapakuwa na mtu, magoti yale yalikuwa yakipanda kinyumenyume kwenye utelezi, polepole, kama ya mzee asiyetaka kuondoa macho yake hata kwa hatua moja. Naftali alilowanisha midomo kwa ulimi, akaongeza mwendo.